USISHANGILIE ANAYEANGUSHA WATU BILA KUWAGUSA



Tangu Jumatatu mnanitumia video moja. Mrusi wa makamo, mtulivu, amevaa nguo za kijeshi za madoadoa. Anainua mkono kidogo tu na vijana wenye misuli wanaanguka kama migomba iliyokatwa. Hajawagusa. Chini yake mmeandika, "Nguvu hizi!" na "Pastor, hii ni karama." Na ndugu mmoja, namheshimu, akauliza kama tunaweza kumwalika mwalimu wa mambo hayo aje afundishe mama zetu na mabinti zetu kujilinda.

Jibu langu ni HAPANA. Nitawaeleza kwa nini. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni.

Sisemi ni mapepo. Najua wengine wenu mlikuwa mnangoja niseme hivyo ili tufunge mjadala. Siku hizi kila tusichokielewa tunakibandika jina la pepo, halafu tunarudi kulala. Mapepo hapa tuyaache. Shida ya ile video ni kwamba inafundisha UONGO kuhusu nguvu. Na uongo kuhusu nguvu huua mtu usiku, njiani, akitoka kazini.

Kile mnachokiona kinaitwa Systema. Ni neno la Kirusi, maana yake ni mfumo tu. Kilianza kujulikana ulimwenguni baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika mwaka wa 1991. Huko Krasnodar, kusini mwa Urusi, Alexei Kadochnikov alikuwa akieleza mapigano kwa lugha ya fizikia, mambo ya wenzo na mizani ya mwili. Moscow alikuwako Mikhail Ryabko, na mwanafunzi wake Vladimir Vasiliev ndiye aliyefungua shule Toronto, Kanada, mwaka wa 1993. Kutoka hapo ikaenea.

Tuwe waungwana, tuseme mazuri yake kwanza. Mafundisho ya Ryabko na Vasiliev yanasimama juu ya nguzo nne: kupumua, kulegeza mwili, kusimama wima, na kutembea bila kusimama. Mwanafunzi anapiga pushapu polepole sana huku akivuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Anachuchumaa vivyo hivyo. Anapigwa ngumi ya kifua na kufundishwa kuyatoa maumivu pamoja na pumzi badala ya kukakamaa. Anafanya mazoezi na mwenzake kwa mwendo wa kinyonga ili ajue hofu inamshika wapi, shingoni au tumboni. Hayo si mabaya. Mtu aliyezoea kupumua vizuri hatakosa faida, hata akiwa kwenye foleni ya hospitali.

Na wengi wao ni Wakristo wa Othodoksi. Wanazungumza juu ya unyenyekevu na sala. Najua hilo ndilo lililowavuta baadhi yenu. Mmesema, "Pastor, hawa wanaomba kabla ya mazoezi."

Sawa. Wanaomba. Lakini mtu kuomba hakufanyi kila analosema kuwa kweli. Wana wa Skewa walitaja jina la Yesu, tena kwa sauti, na bado walitoka mbio uchi na majeraha. Kwa hiyo tuulize maswali mawili tu. La kwanza: ULITOKA WAPI? La pili: NANI AMEWAHI KUKUPINGA?

Tuanze na la kwanza.

Wanaoifundisha Systema husema ni sanaa ya mashujaa wa Urusi, yenye mizizi ya karne ya 10, iliyohifadhiwa kwa siri vizazi na vizazi. Ukiuliza ilipita wapi katika miaka ya Stalin, unaambiwa ilitunzwa na watu wa vikosi maalumu. Kuhusu Ryabko mwenyewe inasimuliwa kwamba alifundishwa tangu utotoni na mtu aliyekuwa mlinzi wa Stalin.

Mpendwa, simama hapo kidogo. Fikiri.

Utawala wa Stalin ndio uliolipua Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi jijini Moscow, Desemba 1931. Ndio uliofunga makanisa na kuwaua makasisi kwa maelfu. Sasa unataka kuniambia mapokeo matakatifu ya shujaa Mkristo yalikuwa yamehifadhiwa mikononi mwa walinzi wa mtu yule yule? Fisi ndiye alikuwa akitunza mbuzi wa madhabahu? Karne ya 10 mpaka ya 20 ni miaka elfu moja. Nionyeshe mnyororo wa walimu. Mwalimu fulani alimfundisha fulani, mwaka fulani, mji fulani. Hawana. Kuna hadithi tu.

Na kinachoniumiza ni hiki. Urusi INAYO hadithi ya kweli. Yupo mtu mwenye jina, mwenye tarehe, mwenye mwalimu anayejulikana, na hata seminari aliyosoma inajulikana. Lakini huyo alizikwa kimya, jina lake likafutwa, na wasifu wake wakapewa wengine. Kaa nami nikusimulie, maana hakuna aliyekutumia video yake.

Anaitwa Vasili Oshchepkov.

Alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa 1893 katika kisiwa cha Sakhalin, mwisho kabisa wa Urusi upande wa mashariki. Wakati huo Sakhalin ilikuwa gereza. Watu walipelekwa huko kwa adhabu. Mama yake alikuwa mfungwa. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi akawa yatima. Umeelewa? Mtoto wa mfungwa, yatima, kisiwani. Kwa mahesabu ya dunia mtu kama huyo amekwisha.

Lakini kulikuwa na kanisa. Mmisionari Mrusi, Askofu Mkuu Nikolai Kasatkin, alikuwa ameishi Japani tangu 1861. Alijifunza Kijapani, akawahubiri Wajapani kwa lugha yao, akajenga kanisa kuu Tokyo na kuanzisha seminari. Kijana Vasili akapelekwa kusoma huko mwaka wa 1907. Katika ile seminari wavulana walisoma theolojia, walisoma lugha, na walicheza judo.

Ndiyo, judo seminarini. Yule mzee wa Mungu hakuona kosa kijana kujifunza kuanguka na kuinuka.

Judo ilikuwa kazi ya Jigoro Kano, mwalimu wa shule, aliyefungua Kodokan mwaka wa 1882. Kano alichukua mbinu za kale za kuumizana za Kijapani, akaondoa zile za kuvunja watu, akaacha zile ambazo vijana wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao ZOTE na bado warudi nyumbani wazima. Akaweka kanuni mbili: tumia nguvu zako kwa njia iliyo bora kabisa, na wewe na mwenzako mfaidiane. Yaani mwenzako amekuazima mwili wake ujifunzie. Mrudishie ukiwa mzima.

Oktoba 1911 Oshchepkov aliingia Kodokan. Mwaka wa 1913 akapata mkanda mweusi, katika siku ambazo mgeni kuupata ilikuwa jambo la nadra sana. Mwaka wa 1914 alikuwa Vladivostok akifundisha. Baadaye akawa mkalimani wa jeshi, na katika miaka ya 1920 nchi yake ikamtuma Japani kama mpelelezi, akijifanya mfanyabiashara wa filamu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa Moscow akiwafundisha wanajeshi na wanafunzi wa chuo cha elimu ya viungo.

Na hapa ndipo alipofanya kazi kubwa. Hakuileta judo kama sanamu ya kuabudiwa. Alitazama mieleka mingine, akaangalia askari wa nchi yake anavaa nini na anapigania wapi, akabadilisha. Leo mchezaji wa sambo huvaa koti zito lenye vipande vya mabegani vya kushikia, mkanda unaopita kwenye matundu ya koti lenyewe ili usitoke, kaptura na viatu. Viatu, kwa sababu adui hakusubiri uvue viatu.

Kulikuwa na mwingine pia, nimtaje, maana haki ni haki. Viktor Spiridonov, afisa wa zamani wa jeshi, aliumia vitani na mkono wake mmoja ukabaki dhaifu. Alifundisha kujilinda katika klabu ya Dynamo, na kwa kuwa mkono ulikuwa mbovu alitafuta njia laini, za kugeuza nguvu ya mpinzani badala ya kushindana nayo. Mwaka wa 1927 alichapisha kitabu juu ya kujilinda bila silaha. Kwa Kirusi maneno hayo ni samozashchita bez oruzhiya. Yakate uyaunganishe, unapata SAMBO.

Sasa sikiliza mwisho wa Oshchepkov.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1937 walikuja kumchukua. Shtaka: mpelelezi wa Japani. Mtu aliyekwenda Japani kuhatarisha maisha kwa ajili ya nchi yake, nchi hiyo hiyo ikamwambia wewe ni mtu wa Japani. Wakampeleka gereza la Butyrka. Siku kama kumi baadaye alikuwa amekufa. Waliandika kwamba ni moyo. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Novemba 1938, serikali ikatoa amri kwamba mchezo ule uendelezwe nchi nzima. Mchezo ULE ULE. Mwaka wa 1939 wakafanya mashindano ya kwanza ya taifa. Lakini jina la mwalimu halikutajwa, na neno judo nalo likafichwa. Anatoly Kharlampiev, aliyekuwa mwanafunzi wa Oshchepkov, ndiye aliyekuja kujulikana kama baba wa sambo. Vitabu vikaeleza kwamba sambo ilichipuka kutoka mieleka ya kienyeji ya mataifa ya Sovieti: chidaoba ya Wageorgia, kokh ya Waarmenia, kurash ya Wauzbeki, na kadhalika.

Nisieleweke vibaya. Kharlampiev alifanya kazi. Ile mieleka ya kienyeji ni ya kweli na iliongeza utajiri kwenye sambo, hasa jinsi Wageorgia wanavyoshika na kubwaga. Na mwaka wa 1938 kumtaja Oshchepkov hadharani kungeweza kukupeleka alikokwenda yeye. Siwezi, nikiwa nimekaa salama na simu yangu, kumhukumu mtu aliyenyamaza akiwa na bunduki kisogoni.

Lakini mwaka wa 1957 Oshchepkov alisafishwa rasmi. Serikali yenyewe ilisema hakuwa na hatia. Bunduki ikaondoka kisogoni. Kharlampiev aliishi mpaka 1979. Hiyo ni miaka 22, wapendwa. Miaka ishirini na miwili ya kusema, "Huyu ndiye aliyenifundisha." Na bado ulimwengu ulisubiri mpaka miaka ya 1980, waandishi walipoanza kufukua habari hizo. Leo Vladivostok kuna sanamu ya Oshchepkov. Ni vizuri. Lakini maua ya kaburini hayanusi.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kuna wizi ambao polisi hawaukamati. Ukiiba kuku utakimbizwa na mtaa mzima. Ukiiba kazi ya mwalimu wako, ukaiita ufunuo wako, unapigiwa makofi. Na anayedai kwamba kitu chake kilishuka kutoka karne ya 10 bila mwalimu wa kutajwa anafanya wizi ule ule kwa ustadi zaidi. Anawafuta walimu WOTE mara moja. Ukishasema "mababu," hakuna babu atakayefufuka kudai chake.

Kwa hiyo mtu akija kukufundisha kitu chochote, kupigana, biashara, hata Neno, muulize kwanza: nani alikufundisha? Akikasirika, umeshapata jibu.

Twende swali la pili. Nani amewahi kukupinga?

Ukiingia darasa la sambo siku ya kwanza hufundishwi kumbwaga mtu. Unafundishwa KUANGUKA. Unaanguka mbele, nyuma, ubavuni, unapiga mkeka kwa mkono ili mkeka uchukue kishindo, kidevu umekikunja ili kisogo kisigonge chini. Unaanguka mpaka mwili uzoee. Baadaye unafundishwa kushika koti, kumvuta mtu atoke kwenye mizani yake, kupiga ngwala, kumbeba nyongani na kumbwaga. Kisha mambo ya chini: kumkandamiza asiinuke, kukunja mkono au mguu mpaka akubali. Katika sambo ya michezo kabali hairuhusiwi. Katika sambo ya kivita ngumi, mateke na kabali vyote vimo.

Halafu inakuja siku ambayo wengi huacha. Mwalimu anasema: sasa mfanye, na mwenzako ASIKUBALI. Hapo ndipo unagundua kwamba ile ngwala uliyoijua vizuri sana jana, leo haifanyi kazi, kwa sababu leo mwenzako hataki kuanguka. Mashindanoni mna dakika 5. Ukimbwaga mtu chali wewe ukabaki umesimama, umeshinda pale pale. Ukimzidi kwa alama 8, umeshinda. Na yeye pia amekuja akitaka hayo hayo kwako. Hakuna anayekuonea huruma kwa sababu mko kundi moja la vijana.

Matunda yake? Judo iliingia Olimpiki mara ya kwanza Tokyo, mwaka wa 1964, nyumbani kwa Kano. Wasovieti walikuwa wamekulia kwenye sambo. Walipeleka wanaume wanne. Wakarudi na medali nne za shaba. Miaka ya baadaye Fedor Emelianenko na Khabib Nurmagomedov walitoka sambo wakaenda kwenye vizimba vya mapigano ya kulipwa, mbele ya watu waliolipwa kuwazuia, na kila mtu aliona. Hakuna aliyehitaji kuambiwa "amini tu."

Sasa rudi kwenye video yenu. Wale vijana wanaoanguka bila kuguswa ni akina nani? Ni wanafunzi wake. Wanampenda. Wamesafiri, wamelipa, wamemngoja. Si lazima wawe waongo! Hili ndilo gumu kulielewa. Mwanafunzi anaona mkono wa mwalimu unakuja, mwili unakumbuka ile ngumi ya juzi, unaanza kukwepa kabla haujafika. Siku ya kwanza anakwepa kidogo. Mwezi wa tatu anayumba. Mwaka wa pili anaanguka kabla mkono haujainuka vizuri, na moyoni anasadiki ameangushwa. Aliye mgumu wa kuanguka anaambiwa hajalegea, hajafungua moyo. Basi anajifunza kuanguka ili asiwe yeye pekee aliyesimama.

Na mwalimu je? Naye anaanza kuamini. Miaka inapita hajaona mtu hata mmoja akibaki wima. Kwa nini asiamini?

Kule Japani alikuwako mzee anaitwa Ryuken Yanagi. Wanafunzi wake walikuwa wakianguka makundi makundi kwa ishara ya mkono wake. Mwaka wa 2006 alikubali kupambana na mpiganaji wa kulipwa ambaye hakuwa mwanafunzi wake. Mzee akainua mikono kama kawaida. Yule mwingine hakuanguka. Akapiga. Pambano halikuchukua muda, mzee akawa chini, damu puani. Tazama uso wake kwenye picha za siku ile. Alishangaa kweli kweli. Hakuwa tapeli. Alikuwa amedanganywa na UTII wa watu wake mwenyewe.

Ndiyo maana Daudi alivua silaha za Sauli. Zilikuwa nzuri, za mfalme, zinang'aa. Sababu yake ilikuwa moja tu: hakuwa amezijaribu. Kombeo alikuwa amelijaribu, tena kwa simba na dubu ambao hawakuwa washirika wa kanisa lake.

Najua mtakayosema. Niyajibu.

"Pastor, makomando wa Urusi wanaitumia." Mpendwa, komando ana bunduki, ana wenzake, ana miaka ya mazoezi ya kila aina. Jeshi likimfundisha askari kupumua vizuri, haina maana kupumua ndiko kulikoshinda vita. Usichukue ushindi wa bunduki ukaupa mkono mtupu.

"Pastor, wapo walimu wa Systema wanaofanya mazoezi ya kweli, wanaopigana na watu wanaokataa." Ninaamini wapo, na hao sina ugomvi nao. Kama kuna mwalimu wa hivyo, muulize tu akuonyeshe mwanafunzi wake akimbwaga mtu wa nje anayekataa kubwagwa. Aliye na kitu cha kweli haogopi ombi hilo.

"Pastor, Mkristo na kupigana wapi na wapi?" Yule Askofu Mkuu aliyeacha wavulana wacheze judo chini ya dari ya seminari alikuwa na ibada kukuliko wewe na mimi. Kujua kujinasua mkononi mwa mtu mbaya si kuwa mtu mbaya. Na Yakobo alishindana usiku kucha. Hakuangushwa kwa ishara. Alishikwa, akashika, akatoka akichechemea, na kule kuchechemea ndiko kulikokuwa ushahidi kwamba kweli alikutana na mtu.

Sasa nije nyumbani, kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mama zetu wanatoka sokoni saa mbili usiku. Mabinti zetu wanashuka matatu mwisho wa lami na kutembea gizani. Hao ndio mnataka niwaitie mwalimu. Fikiria binti wa miaka 19 aliyehudhuria Jumamosi sita. Kila Jumamosi ameinua mkono na dada wenzake wameanguka huku wakicheka. Amepewa cheti. Amepiga picha. Sasa anapita njia ya mkato ambayo zamani alikuwa akiiogopa, kwa sababu haogopi tena. Anakutana na mtu ambaye hakuhudhuria zile Jumamosi. Mtu huyo hajui kwamba anatakiwa kuanguka.

Nani atakwenda kumwambia mama yake? Si yule mwalimu. Ni mimi, saa nane ya usiku, nimekaa kwenye benchi la hospitali.

Hofu yake ilikuwa inamlinda. Tumemvua hofu, tukampa cheti. Huo si ujasiri, huo ni kumvisha binti silaha za Sauli na kumsukuma bondeni.

Kwa hiyo kama tutaleta mwalimu, na mimi napenda tulete, awe wa judo, wa sambo, wa ndondi, wa mieleka, sijali jina. Lakini kabla hajapewa ukumbi wetu nitamuuliza hivi mbele yenu:

Nani alikufundisha, na tunaweza kuzungumza naye?

Wanafunzi wako hushindana wapi na watu wasiokujua?

Ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe ulibwagwa?

Swali hilo la tatu ndilo kubwa. Mwalimu wa kweli atacheka na kusema, "Juzi." Atakuonyesha alama. Asiyebwagwa na mtu yeyote miaka yote, huyo amezungukwa na watu wanaomuogopa au wanaompenda kupita kiasi, na vyote viwili vinapofusha.

Na wafundishwe pia yale ambayo hayapigiwi makofi: kutembea wawili wawili, kupiga kelele, kukimbia mapema, kuacha mkoba uende. Mwalimu anayedharau kukimbia hajawahi kukimbizwa.

Nimalizie na neno gumu kidogo, na naanza na sisi wa madhabahuni. Mkizoea kushangilia mtu anayeangusha watu wake mwenyewe, iwe uwanjani Moscow au jukwaani hapa kwetu, mtapoteza uwezo wa kutofautisha. Nguvu za Mungu hazihitaji tusaidiane kuanguka. Ukiwa kwenye mstari wa maombi na hukuanguka, hukutenda dhambi. Simama. Nitakuombea ukiwa umesimama, na Mungu atakusikia vilevile. Usianguke kwa kunionea haya. Ukinionea haya leo, mwakani nitaanza kuamini mkono wangu, kama yule mzee wa Japani.

Na mtaje aliyekufundisha. Yule dada wa Sunday school aliyekufundisha kusoma Biblia yuko hai? Mpigie leo. Yule fundi aliyekushika mkono ukiwa hujui hata kupima mbao, mtaje kwa wateja wako. Usingoje miaka 22. Oshchepkov alipata sanamu, lakini hakuwahi kusikia mwanafunzi wake akisema asante hadharani.

Yule ndugu aliyeuliza juu ya mwalimu, sijakukasirikia. Swali lako lilikuwa zuri kwa sababu unawajali mabinti zetu. Njoo Jumapili baada ya ibada tukae na kamati ya akina mama, tutafute mwalimu anayebwagwa.

Mbarikiwe. Ukimtumia mtu ile video, mtumie na ujumbe huu pia.